Ghala na Mchoro Wake: Hoja Kutoka Bonde la Lukuledi

Mto Lukuledi unatoka upande wa Masasi, unapita kati ya uwanda wa juu wa Makonde kusini na nchi ya Wamwera kaskazini, na kuingia baharini Lindi. Bonde lake lilikuwa njia ya misafara ya pembe, watumwa na mpira katika karne ya 19. Waingereza wakapitisha reli humo. Na leo malori ya korosho kutoka Masasi na Nachingwea yanalifuata kwenda pwani. Njia ya bidhaa haikosi maghala, na kila ghala la bonde hili limekuwa na nakala yake ya karatasi: mchoro wa aliyelijenga na daftari la aliyelitunza. Sasa inakuja nakala ya tatu, ambayo wahandisi wanaiita pacha wa kidijitali. Mhandisi huchukua mafaili ya michoro ya jengo, yenye nguzo, paa, sakafu, milango na nyaya, akayaingiza kwenye programu hadi ghala zima likasimama ndani ya kompyuta. Kisha hulilisha vipimo vinavyotoka kwenye ghala lenyewe: uzito, joto, unyevu, na mahali ulipo kila mlundikano wa magunia. Katika nchi za viwanda vikubwa kazi hii huanzia kwenye mafaili ya usanifu kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Faili lipo tayari, na halihitaji mtu wa kupima ukuta.

Kwa ukanda wa korosho jambo hili limeshasogea mlangoni. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho ghafi inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na mnunuzi anaweza kutoa bei ya shehena iliyoko Newala bila kuikanyaga Newala. Anachokinunua ni tarakimu zinazosimama badala ya magunia. Wito wa kuziboresha tarakimu hizo, kuzipa umbo la jengo na kuziunganisha na mizani, hauwezi kukawia. Kwa hiyo inafaa tuulize mapema pacha huyo azaliwe na nani. Jibu langu ni kwamba pacha anayezaliwa na mchoro peke yake anafanana na nia ya mhandisi, na ghala linabaki peke yake bila pacha. Ushahidi wa jibu hilo umelala katika historia ya bonde hili tangu mwaka 1946.

Mwaka huo John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aliongoza ujumbe mdogo uliozunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kutoka angani. Ripoti yao ilipendekeza ekari zipatazo milioni 3.2 za karanga, na fungu kubwa kuliko yote likapangiwa Jimbo la Kusini, kitovu chake kikiwa Nachingwea. Kila kitu kilichofuata kilitokana na karatasi ile. Bandari ya kina kirefu ilichorwa Mtwara kwa ukubwa wa mavuno yaliyotarajiwa. Reli ikachorwa kupanda na bonde la Lukuledi hadi Nachingwea kwa ukubwa uleule. Na mahesabu yote ya kupokea, kuhifadhi na kusafirisha yakafuata. Serikali ya Uingereza iliuvunja mpango huo mwaka 1951, baada ya zaidi ya pauni milioni 35 kuteketea. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, wakati mavuno iliyojengewa yalikuwa yameshafutwa. Reli ilipewa tawi la Masasi mwishoni mwa muongo ule, lakini ilifungwa mwaka 1962 kwa kukosa mizigo na mataruma yakang'olewa. Wengi hulisimulia anguko hili kama habari ya udongo mgumu na mvua chache, na hawakosei. Lakini kwa hoja yetu kinachogusa ni jinsi mchoro ulivyojitosheleza. Reli ilikuwa sahihi kwa bandari, na bandari ilikuwa sahihi kwa reli. Katika ofisi ya London kila faili lililingana na jenzake, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kuandika kwamba shamba la Nachingwea halijatoa kitu.

Miaka ishirini baadaye historia hiyo ilijirudia kwa korosho, safari hii kwa mikono yetu wenyewe. Hapo ndipo ushahidi unakuwa mzito zaidi, kwa sababu majengo yake bado yamesimama. Hadi miaka ya 1960 korosho ya Mtwara na Lindi ilikuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India, ikabanguliwe kwa mikono na wanawake wa Kollam. Taifa changa lilitaka kubangua nyumbani, na nia hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza Dar es Salaam katikati ya muongo ule, na katika miaka ya 1970, kwa mikopo iliyojumuisha fedha za Benki ya Dunia, vikafuata vingine mpaka vikatimia 12. Newala ilipata viwili. Masasi, Mtama, Nachingwea, Lindi, Tunduru na Mtwara nazo zikapata vyake. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Korosho zilichovywa katika mafuta ya moto ya maganda yake yenyewe, kisha zikapasuliwa kwa mashine. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kuwekwa popote. Unataka ukumbi mrefu wenye mpangilio mmoja, kuanzia korosho ghafi mwanzoni hadi kokwa zilizofungashwa mwishoni. Unataka misingi ya zege chini ya mashine, mitaro ya mafuta, mvuke, umeme na maji kwa saa zote za zamu. Na tukumbuke kwamba maji, juu ya uwanda wa Makonde ambako hakuna mto, hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni.

Viwanda vyote 12 kwa pamoja vilipangiwa kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Kwa mavuno ya msimu wa 1973/74, ambayo yalifika tani 145,000, hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Kosa lilikuwa kwamba iligandishwa katika zege wakati nchi inasogea. Operesheni Vijiji ya miaka ileile iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, mashamba yakaota pori. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia kwenye maua ya mikorosho. Bei ya mkulima ikadidimia chini ya mamlaka iliyopewa ukiritimba wa ununuzi. Kiwanda cha mwisho kilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mavuno yalikuwa yameanguka vibaya, na msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Michoro haikujua. Ingekuwaje ijue? Mchoro wa kiwanda una vipimo vya mkanda na kipenyo cha bomba, lakini hauna mlango wa kupokelea habari ya mkulima wa Kitangari aliyeliacha shamba lake. Serikali ilipovibinafsisha viwanda hivyo baadaye, baadhi ya walionunua waliona faida iko kwenye paa kuliko kwenye mitambo. Bunge limesikia lalamiko hilo mara nyingi, kwamba viwanda vya kubangulia vimegeuzwa maghala ya korosho ghafi.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu kugeuzwa huko, ambako siasa inakuona kama aibu tu, kihandisi ni jambo zito. Ukumbi wa kubangulia na ghala la korosho ghafi ni majengo yanayotaka vitu tofauti. Ghala linataka sakafu kavu iliyo sawasawa, chaga za mbao za kunyanyua magunia yasilale juu ya zege, nafasi ya kutosha kati ya mlundikano na ukuta ili mtunza ghala apite na hewa ipite, milango ya lori kurudi kinyumenyume, na paa lisilovuja Desemba mvua zinaposhuka juu ya uwanda magunia yakiwa bado yamejaa. Korosho inayoingia na unyevu unaozidi asilimia 10 itaota ukungu kwenye mlundikano, na paa zuri halitaiokoa. Anayeligeuza jengo kutoka kazi moja kwenda nyingine huziba mitaro, hung'oa au huacha misingi ya mashine, hubomoa kuta za ndani, hufungua mlango mahali palipokuwa na dirisha. Kazi hizo hufanywa na fundi mwashi kwa maelekezo ya mdomo. Nani anarudi kwenye mchoro kuuandika mlango mpya? Ukiyaskani leo makaratasi ya miaka ya 1970 na kuyageuza kuwa pacha wa kidijitali, utapata kiwanda kizuri cha kubangulia ambacho hakipo, na hutapata ghala lililopo. Umbo litang'aa kwenye skrini, mistari imenyooka, na mwenye kuliangalia kutoka mbali hatakuwa na njia ya kujua kwamba anaonyeshwa marehemu.

Tuitazame sasa ile karatasi nyingine, ya mtunza ghala. Sheria ya Stakabadhi za Maghala, Namba 10 ya mwaka 2005, ilileta utaratibu ambao Mtwara iliuanza kwa korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi. Karani anapima na kumwandikia. Lori linazichukua hadi ghala kuu, ambako zinapimwa tena, sampuli inachomolewa kwenye magunia, kipima unyevu kinasoma, na korosho kadhaa zinakatwa katikati ili kuona kokwa ni nyeupe, imesinyaa au imeoza. Hapo mwendesha ghala anatoa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ndiyo inayoingia mnadani kwa niaba ya magunia, chini ya vyama vikuu kama MAMCU kwa Masasi na Mtwara na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Ukiangalia kwa makini, huyu ni pacha wa ghala tayari. Hana picha wala rangi, lakini anafanya kile ambacho mchoro haukuwahi kufanya: kila lori likishusha, anabadilika.

Wala simsifu pasipo kasoro. Aprili 2013 Liwale iliwaka moto, nyumba zikachomwa, kwa sababu malipo ya pili ya korosho yaliwafikia wakulima yakiwa pungufu ya yale waliyoyatarajia. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza jeshi lizisombe korosho baada ya wanunuzi kukataa kupanda bei. Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, kisha yakafuata majuma marefu ya uhakiki, timu zikienda vijijini kulinganisha kilo zilizoandikwa na mikorosho iliyopo shambani, kwa nia ya kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho. Wakulima wengi halali walisubiri fedha zao katikati ya shughuli hiyo. Na kila msimu upo ugomvi wa unyaufu: korosho hukauka ikiwa ghalani, uzito ukapungua, na kilo zilizopotea hewani zikatafutiwa mtu wa kuzilipia, ambaye mara nyingi huwa mkulima. Matukio haya hayafanani, lakini tofauti yao na ya karanga ni hii: pengo kati ya karatasi na mali lilionekana. Lilionekana kwa sababu kulikuwa na mizani mbili katika njia moja, ya chama na ya ghala, na tarakimu mbili zinazoweza kuwekwa kando kwa kando. Mpango wa karanga haukuwa na mizani ya pili. Viwanda 12 navyo vilijengwa kwa tarakimu moja.

Mwanzo wenyewe wa wazo la pacha unaipa nguvu hoja hii kuliko wanavyosema wauzaji wa programu. Jina la pacha wa kidijitali lilienea baada ya shirika la anga la Marekani, NASA, kulitumia mwaka 2010, na wenye fani hupenda kumtaja babu yake kuwa vile vyumba vya mazoezi vilivyosaidia kuwarudisha wanaanga wa Apollo 13 mwezi Aprili 1970. Tangi la oksijeni lililipuka njiani kwenda mwezini, na wahandisi wa Houston wakajaribu kila hatua kwenye chombo cha mazoezi kabla ya kuwaamuru wale walioko juu. Kinachosahaulika ni kwamba chombo cha mazoezi kiliwafaa pale tu kilipopangwa upya kifanane na chombo kilichoharibika. Kilichofanana na michoro kisingemrudisha mtu nyumbani. Na chanzo cha mlipuko? Mwaka 1965 maelekezo ya kihandisi yalibadilishwa ili vifaa vya tangi vihimili volti 65 za umeme wa kituoni, lakini swichi za kudhibiti joto ndani ya tangi zikabaki za volti 28. Karatasi ilisonga mbele na kifaa kikabaki nyuma, kwa miaka mitano, bila mtu kuviweka viwili hivyo kando kwa kando. Kama ilitokea NASA, kwa fundi aliyefungua mlango wa ghala Newala haina haja ya kumshangaza mtu.

Mhandisi atanipinga, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema bila michoro hatuwezi hata kuanza: nondo zilizomo kwenye zege hazionekani kwa macho wala kwa skana ya leza, uwezo wa sakafu kubeba mlundikano wa magunia ya kilo themanini themanini, yakipandishwa hadi karibu na paa, unajulikana kwa mahesabu ya aliyeimwaga, njia ya maji chini ya ardhi imo kwenye faili peke yake. Hilo ni kweli, na ningependa faili la kila ghala la kusini litafutwe na kuhifadhiwa kabla mchwa hawajalimaliza. Lakini ushahidi wake una mpaka. Mchoro ni shahidi wa kuaminika kwa kile kilichofukiwa na ambacho hakuna aliyekigusa tangu siku ya ujenzi. Kwa kila kitu kinachoguswa na watu, yaani milango, kuta za ndani, nyaya, matundu ya hewa na mpangilio wa magunia, shahidi ni jengo lenyewe pamoja na wanaofanya kazi humo. Hatari ya kuanzia kwenye mafaili ni kwamba programu haitofautishi mashahidi hawa wawili. Ukuta uliobomolewa mwaka 1998 na nguzo iliyosimama tangu mwanzo huchorwa kwa wino mmoja.

Pingamizi la pili ni la mchumi: viwanda havikufa kwa michoro mibaya, vilikufa kwa kukosa korosho, kwa hiyo nisiubebeshe mchoro mzigo wa siasa. Nakubali kwamba hakuna pacha ambaye angezuia Operesheni Vijiji. Ila mchoro wa kiwanda haukuwa na kuta tu. Ndani yake kulikuwa na dhana ya tani kwa mwaka, na dhana hiyo ndiyo iliyopanga urefu wa ukumbi, ukubwa wa tanuru na kiasi cha mkopo. Kujenga viwanda 12 kulichukua zaidi ya muongo mmoja, na mavuno yalikuwa yanashuka kila mtu akiona. Wapangaji wangekuwa na nakala hai ya mtiririko wa korosho, inayopokea uzito halisi kutoka vyamani msimu kwa msimu, kiwanda cha tisa au cha kumi kingeulizwa swali kabla ya msingi wake kumwagwa. Nasema kingeulizwa, kama wakubwa wangesikiliza ni shauri jingine.

Lipo na pingamizi la wenye ghala wenyewe, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanasema hizi ni anasa: umeme unakatika, mtandao unayumba, vihisi vinaliwa na vumbi la maganda, na daftari la karani limefanya kazi miaka yote. Kwa ghala la chama cha msingi lenye chumba kimoja, hawakosei. Kwa ghala kuu hali imebadilika. Nchi iliyokuwa ikivuna chini ya tani 20,000 imevuna zaidi ya tani 500,000 msimu wa 2024/25, na magunia hayo yanalala kwa wiki kadhaa chini ya paa chache. Hata hivyo pacha anayefaa kuanza naye hahitaji leza. Anahitaji watu wawili wenye futi ya kamba walipime jengo kama lilivyo leo, waichore sakafu, waipe namba kila sehemu ya mlundikano, na kila kadi ya mlundikano iingizwe siku ileile pamoja na unyevu na uzito wake. Mafaili ya zamani yaje baadaye, yawekwe juu ya kipimo hicho, na pale yanapotofautiana tofauti ibaki inaonekana kwa rangi yake. Programu nyingi husuluhisha tofauti kimyakimya, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Tukichukua unyaufu kama mfano: ikiwa pacha anahifadhi uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, na joto la kona magunia yalipokaa, kilo zilizopotea zitapata maelezo. Itaonekana kama zilikauka kihalali, kama kona ile haina hewa, au kama zilitoka kwa mlango ambao haumo kwenye mchoro. Pacha akizifuta tofauti ili tarakimu zipendeze, mkulima atakatwa vilevile na safari hii hatakuwa na karatasi ya kushikia.

Swali la pacha azaliwe na nani lina uharaka wake Maranje, mkoani Mtwara, ambako serikali imetenga kongani la viwanda vya kubangua korosho, kwa lengo la kuacha kuuza korosho ghafi nje. Ni ndoto ileile ya miaka ya 1970, na ninaitakia heri kwa moyo wote, kwa sababu ganda linalopasuliwa Mtwara ni ujira unaobaki Mtwara. Majengo ya huko yanachorwa kwa kompyuta tangu mwanzo, na mafaili yake yatakuwa kamili kuliko yoyote yaliyowahi kuingia kusini. Ndiyo maana inafaa mikataba iseme sasa, kabla ya makabidhiano, kwamba faili la mwisho litakuwa la jengo lilivyojengwa na si lilivyokusudiwa. Kwamba litatolewa katika muundo unaofunguka kwa programu yoyote. Kwamba nakala moja itakaa kwa mwendesha ghala na nyingine kwa chama kikuu ambacho korosho za wanachama wake zimo ndani. Na kwamba mtunza ghala atakuwa na mamlaka ya kulisahihisha, kila sahihisho likibeba tarehe na jina lake, bila kusubiri mhandisi aje kutoka Dar es Salaam.